Truphena Naliaka, Mwandishi Aliyengojewa Kimilili

Mchungaji, Mzee Zablon, shemeji Victor, watoto, na ninyi nyote mliotoka karibu na mbali kutusindikiza leo Jumamosi, tarehe 10 Mei 2025: haya nitakayoyasoma yamechapishwa pia katika ratiba mliyopewa pale langoni, kwa hiyo nikikwama mahali, endeleeni tu, nitawafuata. Mimi ni Elly Simiyu, mtoto wa baba yake mdogo. Familia imenichagua kwa kuwa nilikuwa na marehemu Saudia, na kwa kuwa, kama walivyosema wao, mimi silii ovyo. Hilo la pili tutaliona.

Marehemu Truphena Naliaka alizaliwa kijijini Kibingei, karibu na mji wa Kimilili, tarehe 22 Aprili 1984, Jumapili ya Pasaka. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Zablon Sifuna na marehemu Mama Jerioth. Mama aliacha palizi ya mahindi alfajiri, akajifungua kabla watu hawajatoka kanisani, ndiyo maana mtoto akaitwa Naliaka, aliyezaliwa wakati wa kupalilia. Mama Jerioth alipenda kusema kwamba mtoto huyu alilia kidogo, akanyamaza, akawatazama wakunga kana kwamba anangoja wamalize maneno yao ili naye aseme yake. Sisi tuliokua naye hatukulipinga hilo.

Alisoma Shule ya Msingi ya Chebukwabi, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1998. Hakuwa hodari wa hesabu, na sitamsingizia leo. Lakini insha zake zilisomwa na walimu wa madarasa mengine wakati wa chai. Akiwa darasa la saba aliandika insha kuhusu kuku aliyesikia wageni wanakuja, na kabla maji hayajachemka akawasikia watu wazima wakibishana ni nani atakula firigisi yake. Kuku yule hakungoja jibu. Mwalimu alimwita mbele asome mwenyewe. Wanafunzi walicheka mpaka wakaanza kulia, na inasemekana mmoja wao, ambaye yuko kwenye hema hili na sitamtaja, alikataa kula kuku Krismasi ile nzima. Truphena alijiunga na shule ya upili lakini akaishia kidato cha pili, mwaka 2000, Mzee Zablon alipoanguka kutoka juu ya paa na watoto wakubwa wakalazimika kurudi nyumbani kusaidia shamba.

Mwaka 2004 alipata kazi katika duka la vifaa vya shule na fotokopi mjini Kimilili. Hapo ndipo shemeji Victor Barasa, fundi wa pikipiki, alipomwona. Victor alileta kitambulisho chake kitolewe nakala, akarudi kesho yake, akarudi tena, mpaka Truphena akamuuliza kama anaomba kazi katika kila wilaya. Walifunga ndoa kanisani tarehe 9 Desemba 2006. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lorine mwaka 2007 na Jeremy mwaka 2011. Victor si msomaji. Ameniruhusu niseme hivyo. Lakini kila hadithi aliyoiandika mkewe aliisikia yeye kwanza, akiwa chini ya pikipiki ya mtu, na kama hakucheka, hadithi ile ilirudi jikoni ikapikwe upya.

Wengi wenu mlimjua kwa sababu ya vikao vyake vya kusomeana vitabu. Alianza mwaka 2012, palepale dukani, baada ya kufunga. Alikuwa amegundua kwamba mji huu mdogo una waandishi, ila hawajuani. Palikuwa na chifu mstaafu aliyeandika historia ya ng'ombe wake. Palikuwa na muuguzi mmoja mwenye hadithi za wodini, na mwalimu aliyetunga mashairi ya kumsifu mkewe, mkewe akiwa ameketi mstari wa mbele akikanusha ubeti mmoja baada ya mwingine. Watu walikuja, wakanywa chai, wakauliza maswali magumu. Duka likawa dogo, wakahamia ukumbi wa kanisa, na Jumamosi ya tatu ya Desemba ikawa siku ya vitabu ya Kimilili mpaka leo.

Kanuni yake mliijua. Mwaka 2014 bwana mmoja wa Nairobi, mzaliwa wa hapa, alitoa kitabu kuhusu maisha yake mwenyewe, kikubwa kama tofali. Siku ya kukisoma hakuja. Alimtuma dereva. Dereva yule maskini alisoma ukurasa wa kwanza akitoka jasho, akafika mahali bwana anapoeleza alivyompenda mama yake, akakwama, akauliza kama anaweza kuruka. Ukumbi ulicheka, lakini Truphena hakucheka. Alisimama akasema mtoto huletwa kwao na mzazi wake, haletwi na dereva. Tangu siku hiyo ikawa kanuni kwamba kitabu cha mtu wa Kimilili hakipokewi mpaka mwandishi awepo mbele ya watu wa kwao. Asipokuwepo hasomewi, kitabu kinangoja. Kamati ilipitisha kwa makofi, na mwenyekiti, dada Rosebellah, ameilinda kanuni ile kuliko mayai.

Duka lilifungwa mwaka 2017. Tarehe 7 Februari 2018 marehemu alisafiri kwenda Riyadh kufanya kazi za nyumbani, katika mtaa wa Al-Suwaidi, kwa familia moja ambayo hapa nitawaita madam na bosi, kama tulivyowaita. Mwaka uliofuata aliwaambia ana ndugu anayejua kuendesha gari na asiyependa maneno mengi, nami nikaitwa niwe dereva wa nyumba hiyohiyo. Sina la kuwasingizia. Chakula tulikula, na madam alimwamini marehemu kumlelea watoto wake. Kazi ilikuwa nyingi, kama kazi za huko zilivyo. Truphena alipiga pasi huku simu imeegemezwa kwenye mkebe wa maziwa, akitunga kwa sauti, na Lorine aliyapokea maneno hayo hapa nyumbani akayaandika. Hivyo ndivyo kitabu kizima kilivyotungwa.

Ijumaa aliyopewa mapumziko nilimpeleka Batha, katikati ya mji, kule ambako wageni wote wa Riyadh hukutana kununua na kutuma vitu kwao. Huko alianzisha kikao kingine, ghorofani, juu ya mkahawa wa Mhabeshi mmoja aliyekubali mradi tununue chai. Alisoma yeye, walisoma na wengine. Wasichana ambao mabosi wao hawakuwapa ruhusa ya kutoka walisikiliza kwa simu, spika ya masikioni ikiwa chini ya mtandio, mikono iko kwenye sinki. Hadithi ya kuku aliikuza, akaipa maneno mapya, na kila mara ndiyo waliyoitaka. Maryann, msichana wa Kitale aliyekuwa katibu wa kikao, aliniambia kuwa kwao hakuna aliyemwuliza kuku anaonaje, na kwamba yeye pia hakuulizwa.

Kitabu kilichapishwa Eldoret mwezi wa Oktoba 2021. Kina hadithi kumi na moja, na jina lake lilitoka kwenye hadithi ya kuku: *Nimetoroka*. Nakala chache zilifika Riyadh kwenye sanduku la mtu aliyetoka likizo. Marehemu alizishika akazinusa. Mpango ulikuwa mwepesi. Ijumaa tarehe 5 Novemba angekisoma Batha kwa ajili ya wenzake, kisha Desemba angekuja likizo, na Jumamosi ya tatu angesimama katika ukumbi wa kanisa Kimilili, kitabu kipokewe. Hakutaka kingine. Aliniambia hata nguo atakayovaa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelisikia nusunusu, na wengine mmeliongezea chumvi. Maryann alitengeneza tangazo. Aliweka picha ya Truphena amevaa koti jekundu, anatabasamu, na juu yake kwa herufi kubwa akaandika NIMETOROKA. Chini aliandika jina la marehemu, na saa, na Batha. Hakuandika kwamba ni kitabu, kwa kuwa kila mtu wetu alijua ni kitabu. Marehemu alilipenda, akaliweka kwenye wasapu yake asubuhi ya Alhamisi, tarehe 4, kisha akaacha simu jikoni kwenye chaji, akapanda juu ya paa kupiga mazulia.

Mimi nilikuwa nimempeleka madam kwa dada yake. Tukirudi, yeye kiti cha nyuma, akaliona tangazo kwenye simu yake. Aliona picha, akaona neno kubwa asilolijua, akaiambia simu imtafsirie. Simu ikamwambia kwa Kiarabu: nimekimbia. Akampigia Truphena, simu ikalia jikoni bila mtu wa kuipokea. Akampigia bosi kazini. Kisha ndipo akaniuliza mimi dada yangu yuko wapi. Nikasema yuko nyumbani. Akanisogezea simu usoni nikiwa naendesha. Nilipoliona nilicheka, na nikajaribu kumweleza kwa Kiarabu changu cha barabarani kwamba hiki ni kitabu, na kwamba aliyekimbia ni kuku. Madam akazidi kuchanganyikiwa, kwa sababu sasa alielewa kwamba Truphena amekimbia na kuku ameenda naye.

Tulifika nyumbani, bosi naye akafika, na marehemu akashuka kutoka juu ya paa, vumbi limemjaa kichwani, akauliza kama kuna mgeni aongeze mchele. Madam alimkumbatia akalia. Tulieleza vizuri, kitabu kikaletwa, mchoro wa kuku kwenye jalada ukaonyeshwa, na nyumba nzima ikacheka. Bosi alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi. Akasema, "Halas, mafi mushkila," basi, hakuna tatizo. Kesho yake nilimpeleka Batha, akasoma, na kila aliyesikia habari ya tangazo alicheka pia. Nasema hivi ili mjue kwamba siku hiyo tulifurahi, na hatukuwa wajinga kufurahi.

Ila bosi, alipopigiwa simu kazini, alikuwa ameshika simu yake na kumripoti. Huko kwao neno ni hurubu. Mfanyakazi akitoroka, mwajiri wake, ambaye tunamwita kafili, humripoti upesi, kwa maana yule mtu akipatwa na jambo huko alikokwenda, kafili ataulizwa. Bosi alikuwa na ndugu yake aliyewahi kusumbuliwa hivyo. Hakungoja. Akabonyeza, ikakubali. Na baada ya kucheka pale kwenye ngazi alisahau kwenda kuifuta. Nimelitafutia jambo hili maelezo makubwa zaidi kwa miaka, sijapata. Alisahau, kama mtu anavyosahau kuzima taa ya choo.

Mwanzoni mwa Desemba alipotaka kumwombea ruhusa ya kusafiri, mtambo ulimjibu kwamba Truphena Naliaka ni mtoro, na muda wa kuifuta ripoti umepita. Mimi ndiye niliyempeleka ofisini. Nilisimama nyuma yake nikasikia kila kitu. Bosi alimwambia yule kijana wa dirishani kwamba mfanyakazi amepatikana. Kijana akamuuliza amepatikana wapi. Bosi akasema, "Yuko nyumbani kwangu. Anapika." Kijana alimtazama, akatutazama na sisi tuliokuwa kwenye foleni, akasema kwamba mtoro aliyepatikana hukabidhiwa. Akaeleza kwamba atashikwa, atachukuliwa alama za vidole, atakaa ndani mpaka zamu yake ifike, na aliyemripoti mtu ambaye hajatoroka naye ana maelezo ya kutoa. Bosi alikunja karatasi zake. Tukarudi Al-Suwaidi. Maji yakishamwagika hayazoleki, na haya hatukuyaona yakimwagika.

Akatafuta wakili, wakili akamwambia angoje. Tukangoja. Marehemu akawa mtoro anayeishi katika nyumba aliyoitoroka, jikoni mlemle. Ikama yake, kile kitambulisho cha mgeni, ikafa. Bila ikama hai hangeweza kusimamishwa barabarani akapona, kwa hiyo Batha hakwenda tena. Aliyeandikiwa kwamba amekimbia ndiye pekee katika nyumba ile aliyekatazwa kutoka nje. Kikao kiliendelea, yeye akisoma kwa simu akiwa jikoni, na wasichana waliomsikiliza wengi wao nao wakiwa jikoni. Desemba 2021 ikapita. Desemba 2022 Rosebellah alimwekea nafasi kwenye ratiba ya siku ya vitabu, saa nane mchana, na ilipofika saa nane watu wakaimba wimbo mmoja wakaenda kwa mwandishi mwingine.

Tarehe 19 Agosti 2023 Mama Jerioth alifariki. Marehemu alifuatilia mazishi ya mama yake kwa simu ya Kevin, ndugu yake, na wale mliokuwepo mnakumbuka jinsi mtandao ulivyokuwa unakatika kila watu walipoanza kuimba. Aliniambia baadaye kwamba alimwona Onesmus, ndugu yake mwingine, akichukua udongo mkononi, picha ikasimama hapo, na hakuuona udongo ukianguka. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni na funguo za gari, nikiitwa niwapeleke watoto madrasa, nikaenda.

Mwezi uliofuata akaamua kwenda Jeddah. Kati ya wenzetu ilikuwa inasemwa kwamba Jeddah ndiko mtu mwenye hurubu anakoshikwa haraka na kurudishwa kwao. Wahenga wanasema ng'ombe akivunjika guu malishoni hukimbilia zizini. Yeye zizi alilijua, njia ndiyo hakuiona, akaenda kuitafuta kwa polisi. Alimuaga madam uso kwa uso. Madam alimfungia chakula. Bosi alisimama uani akiitazama bustani. Hiyo ndiyo siku Truphena alipotoka katika nyumba ile, na hakuna aliyemripoti.

Jeddah alipokewa na Valary, binti wa Malava, aliyekuwa amepanga chumba mtaa wa Nuzla na wenzake. Na huko, ndugu zangu, hakushikwa. Nisameheni, nikifika hapa huwa sijui kama nicheke. Alipita mbele ya askari na begi lake, akawasalimu, wakaitikia. Alikwenda kituoni mwenyewe, akaketi, akaeleza. Askari kijana alimpa maji baridi, akampigia bosi, na aliposikia kafili yuko Riyadh akasema jambo hili ni la Riyadh. Nami nikiuliza Riyadh naambiwa, si yuko Jeddah? Basi ni jambo la Jeddah. Alirudi kituoni tena na tena, mpaka wakamzoea, na mmoja akawa anamuuliza habari za watoto. Ofisi za serikali yetu zilizoko huko kutusaidia zilimwandika jina, zikamwambia atapigiwa simu. Nilimwambia avumilie. Kila mtu alimwambia avumilie, na sijui hata mmoja wetu alimaanisha nini.

Aliishi kwa kusafisha nyumba za watu kwa siku. Ijumaa Valary alisogeza magodoro ukutani, wanawake wakaketi, na Truphena akasoma. Kwa hiyo Batha walimpokea, na Nuzla wakampokea, ila Kimilili bado.

Desemba 2023 na Desemba 2024 nafasi yake ya saa nane iliwekwa tena. Mara ya mwisho Rosebellah mwenyewe alimpigia simu. Lorine alikuwa amemaliza shule, anasoma vizuri kuliko wengi wetu, na kamati ilikuwa tayari kufumba jicho. Valary alikuwepo upande wa Jeddah, akanieleza mazungumzo yalivyokwenda. Rosebellah alibembeleza sana. Alisema, "Mwandishi, si uache tu Lorine asome? Watu wameshachoka kungoja, na mtoto ni wako."

Truphena akasema, "Mkinisomea mtakuwa mmenizika. Niwekeeni tu kiti, dada. Nakuja."

Kiti kikawekwa.

Ugonjwa ulianza kama maumivu ya kichwa, mwezi wa Januari mwaka huu. Ilikuwa shinikizo la damu, la muda mrefu, bila dawa, kwa kuwa mtu asiye na ikama hutafakari sana kabla ya kugonga mlango wa hospitali. Alipigwa na kiharusi asubuhi ya tarehe 27 Februari akikunja nguo za mtu. Valary alimkimbiza hospitalini, na nashukuru kusema walimpokea bila kumuuliza karatasi. Waliokwenda kumwona walisema mkono wa kulia haukuwa na nguvu na maneno hayakutoka. Nilipigiwa simu, ikawekwa sikioni mwake. Nilimwambia habari za nyumbani, kwamba mvua imekaribia, kwamba Jeremy amekuwa mrefu kumpita baba yake. Nilisikia pumzi tu. Kwa mtu mwingine ningesema labda hakusikia, lakini huyu alikuwa na maneno na yamemkataa, na mimi niko Riyadh nimeshika simu. Alifariki Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, kabla ya alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini.

Ili mwili usafiri, ilibidi kafili afike Jeddah. Tulikwenda kwa gari, bosi na mimi, na njia ile ni ndefu. Ofisini aliweka cheti cha kifo mezani. Mtu wa mezani alisoma, akasema Mungu amrehemu, akaandika kidogo kwenye kompyuta. Neno la hurubu lililotushinda miaka yote ile likafutwa adhuhuri haijaingia, na karatasi ya ruhusa ya kutoka nchini ikachapishwa yenye jina lake, safi kabisa. Yaliyobaki yalikuwa ya hospitali na ndege, yakachukua majuma. Bosi aliishika karatasi ile akalia mbele ya watu, mtu mzima mwenye ndevu za mvi. Tulipotoka nje aliniambia, "Elly, wewe ulikuwepo. Waambie watu wa kwenu sikuwa na nia mbaya."

Nimewaambia. Onesmus amekasirika, nami simlaumu. Kuna aliyesema kosa ni la Maryann, na Maryann amelia mpaka amekonda. Kuna waliosema ni la simu. Mimi nimejaribu kumtafuta wa kumkasirikia tangu Desemba ile ya dirishani, na kila ninayemfikia nakuta naye ameshika kichwa. Ningependa kuwapa zaidi ya hapo. Sina.

Marehemu ameacha mume, Victor Barasa. Watoto wawili, Lorine na Jeremy. Baba yake, Mzee Zablon Sifuna. Ndugu zake Onesmus, Monicah na Kevin. Wakwe, mashemeji, wapwa na binamu, nami nikiwa mmoja wao. Valary na Maryann ambao wako kwenye simu sasa hivi na wengine wa Riyadh na Jeddah. Na wasomaji wa mji huu.

Wiki iliyopita Victor aliwaita kamati ya vitabu hapa nyumbani. Aliwauliza swali moja, akiwa anatazama chini, kama ni makosa kitabu cha mkewe kikisomwa leo. Rosebellah alipangusa miwani yake. Kisha akasema kanuni haikuwahi kutaka mwandishi aongee. Inataka awepo, mbele ya watu wa kwao.

Mungu amlaze Truphena Naliaka mahali ambapo hakuna anayeulizwa ametoka wapi.

Lorine, njoo usome. Paza sauti kidogo, mama, wa nyuma nao walikuwa wakimngoja.